Odoo ya bure: mkaguzi wa hesabu anadai leseni, nimuoneshe nini?

#1 FundiWaUyole
Wakuu salaam. Nina mteja hapa Mbeya, anauza vifaa vya ujenzi kwa jumla na rejareja. Mwaka jana nilimfungia Odoo 17 (programu ya kuendeshea mauzo, stoo na hesabu), ile Community ya bure, kwenye seva ya kukodi. Watumiaji 11: makeshia, mtunza stoo, mhasibu na bosi mwenyewe. Nilimtoza hela ya kufunga na kufundisha watu, na kila mwezi ananilipa ya kuitunza. Mambo yakawa shwari.

Wiki hii kaja mkaguzi wa hesabu mpya. Kauliza, "Leseni ya hii programu iko wapi? Na risiti ya kuinunulia?" Mhasibu akamjibu ni ya bure. Mkaguzi hakubishana, akaandika kwenye orodha ya hoja zake: *programu isiyo na leseni*. Bosi kanipigia saa nne usiku, sauti unaisikia kabisa kwamba hajala.

Nisaidieni. Kwanza, Community ni bure kweli kwa biashara inayoingiza hela, au bure yake ni ya kujifunzia? Pili, mimi kuchukua pesa kwa kitu cha bure ni halali? Tatu, niliandika moduli yangu (kipande cha kuongezea kwenye Odoo) ya daftari la madeni, maana wateja wa huku wanakopa saruji hadi mavuno. Kuna jamaa kaniambia kisheria natakiwa niitoe hadharani. Kweli?

#2 KidoleJuu
Bure iko peponi mkuu, na huko nako kuna masharti ya kuingilia.

#3 BwanaSeva
Fundi, usikose usingizi. Community iko chini ya LGPL toleo la 3, leseni ya programu huria. Ingia kwenye folda kuu ya Odoo, kuna faili linaitwa LICENSE. Ndiyo leseni yenyewe hiyo. Haina kikomo cha watumiaji wala haijali kama unauza saruji au unafundisha chekechea. Wakiwa 11 au 1,100, hailipiwi.

Hela unayomtoza mteja ni ya kazi yako. Maji ya mto ni ya Mungu, lakini aliyekubebea ndoo mpaka mlangoni unamlipa.

#4 MamaHesabu
Nimekaa upande wa ukaguzi miaka mingi, ngoja nimtetee mwenzangu kidogo. Mkaguzi hajasema mmeiba. Anachotafuta ni ushahidi kwamba kampuni ina haki ya kutumia kile inachokitumia. Akikuta jengo anadai hati, akikuta gari anadai kadi. Kwenye programu amezoea kuona ankara ya muuzaji, na hapa haioni. Neno "bure" si ushahidi.

Mpe vitu vitatu: faili la leseni limechapishwa, mkataba wako na kampuni unaosema umefunga nini na toleo gani, na risiti zako za EFD za malipo uliyopokea. Risiti unatoa, au nisiulize?

#5 FundiWaUyole
Mama risiti natoa 😅 Mkataba ndio tuliandikiana WhatsApp.

#6 MamaHesabu
Hapo sasa ndipo penye hoja ya ukaguzi.

#7 KoroshoDev
Samahani wakuu, #3 inapotosha watu. Odoo ni AGPL, si LGPL. Ukibadilisha chochote na watu wakakitumia kupitia mtandao, lazima uwape kodi yote. Tulifundishwa hivyo na mwalimu alikuwa mkali. Kwa hiyo Fundi, lile daftari la madeni litoe tu.

#8 BwanaSeva
@KoroshoDev mwalimu wako alikuwa sahihi kwa wakati wake. Ilipoanza mwaka 2005 ikiitwa TinyERP ilikuwa GPL, leseni huria iliyo kali kuliko LGPL. Ikaja kuwa OpenERP, ikahamia AGPL. Mwaka 2014 ikapewa jina la Odoo, na toleo la 8 likabaki AGPL. Oktoba 2015 lilipotoka toleo la 9 ndipo walipoigawa: Community ikawa LGPL, na Enterprise ikawa na leseni yake ya kulipia. Aliyejifunza kabla ya hapo bado anaimba wimbo wa zamani. Fundi yuko kwenye 17.

#9 Mzigo_wa_Kariakoo
Ngoja kwanza. #7 anasema ukiuza kupitia mtandao lazima uwape watumiaji kodi yote?? Mimi kodi nawapa TRA, watumiaji nao wanataka?

#10 KidoleJuu
😂😂😂 Kodi ya kompyuta mzee, ile maandishi ya programu. Si ile ya asilimia 18.

#11 Mzigo_wa_Kariakoo
Sasa si mseme "msimbo" kama watu wazima. Nilishafungua kikokotoo.

#12 SheriaMtoro
Tuseme msimbo, basi, tusimuue mzee wa watu kwa presha.

BwanaSeva yuko sahihi kuhusu historia, lakini "usikose usingizi" ameitoa haraka. LGPL ina masharti, ila mtu wa kawaida hakutani nayo. Fundi ulipoichukua Odoo ukaiweka kwenye seva ya mteja, umemkabidhi nakala. Hapo mteja ana haki ya kupata msimbo wa Odoo yenyewe pamoja na mabadiliko uliyoufanyia. Yeye mteja, siyo dunia nzima. Huruhusiwi pia kufuta majina ya wenye hakimiliki ndani ya mafaili. Na kama mteja naye anataka kumpa fundi mwingine kesho, huwezi kumkatalia.

Sasa lile daftari la madeni. Kama ni moduli inayojitegemea, inayoitumia Odoo bila kukatakata mafaili yake, LGPL inakuruhusu kuiwekea leseni yoyote uitakayo. Unaweza kuifunga, kuiuza au kuigawa.

#13 KoroshoDev
@SheriaMtoro "bila kukatakata mafaili yake" ni maneno matamu, ila umewahi kuandika moduli ya Odoo? Hakuna moduli isiyorithi, yaani isiyochukua kilichopo cha Odoo na kukiendeleza. Unaandika `_inherit = 'sale.order'`, unaongeza uwanja wako, unabadilisha kitendo cha kuthibitisha oda. Hiyo ni kutumia maktaba au ni kurekebisha kazi ya mtu? LGPL iliandikwa watu wakiwaza lugha ya C, kuunganisha maktaba na programu. Python, lugha iliyoandikiwa Odoo, inaingia mpaka chumbani.

#14 SheriaMtoro
Swali zuri na watu wamelijadili miaka. Msimamo ulioenea ni kwamba kurithi darasa ni njia ya kawaida ya kutumia maktaba, kwa hiyo moduli ni yako. Na wenyewe waliotoa Odoo wana duka la moduli ambamo watu wanauza moduli zilizofungwa, zote zinarithi. Kama wangeona ni kosa wasingefungua duka.

#15 KoroshoDev
Mwenye duka kuruhusu si sawa na sheria kuruhusu. Ila sawa, kwa leo nakaa chini.

Halafu swali la msingi hamjamuuliza. Fundi, hiyo Odoo ina moduli za nani humo ndani? Maana Community haina ripoti kamili za uhasibu. Ina ankara na malipo, basi. Leja kuu, urari na umri wa madeni mhasibu anavitoa wapi?

#16 FundiWaUyole
Duh. Nilichukua ripoti za OCA, ile `account_financial_report`. Na niliichezea kidogo, bosi alitaka madeni yagawanywe kwa msimu wa kilimo badala ya siku 30, 60, 90.

#17 KoroshoDev
Niliwaambia mwalimu wangu ni mkali 😎 Hiyo ni AGPL.

#18 BwanaSeva
Hapo Korosho umefunga goli. OCA ni chama cha watengenezaji, si kampuni ya Odoo yenyewe, na moduli zao nyingi ni AGPL, baadhi LGPL. Fundi, usikisie. Kila moduli ina faili linaitwa `__manifest__.py`, na ndani kuna mstari wa `license`. Mara nyingi utakuta mojawapo ya hizi: LGPL-3, AGPL-3, OPL-1 au OEEL-1. Pita folda zako zote ukiangalia mstari huo mmoja. Ukiona OEEL-1, rudi hapa haraka na usiseme kwa sauti.

#19 Pwani_Dev
Hodi, niko Mombasa. Hii AGPL watu huiogopa kama jini. Sharti lenyewe ni hili: ukirekebisha programu, na watu wakaitumia kwa njia ya mtandao, uwape hao watumiaji nafasi ya kuupata msimbo uliorekebishwa. Sasa watumiaji wa Fundi ni nani? Makeshia na mhasibu. Weka kiungo kwenye ukurasa wa ripoti, "pakua msimbo hapa", kazi kwisha. Keshia gani wa saruji ataupakua?

#20 SheriaMtoro
@Pwani_Dev unasahau mlango wa wateja. Odoo ina sehemu ambamo mteja wa nje anaingia kuona ankara zake na madeni yake. Fundi, umeufungua huo?

#21 FundiWaUyole
Nimeufungua. Mafundi ujenzi kama 40 hivi wanaingia kuangalia deni lao.

#22 SheriaMtoro
Basi na hao nao huenda ni watumiaji, ikiwa wanayagusa hayo uliyorekebisha.

#23 Pwani_Dev
Ripoti ile haionekani kwenye mlango wa wateja, nimeitumia. Wale huona ankara tu.

#24 SheriaMtoro
Na daftari lake la madeni je, linachota chochote kutoka kwenye moduli ya ripoti? Kama limeandikwa kuitegemea hiyo ya AGPL, basi daftari lenyewe haliwezi kufungwa tena. Litafuata AGPL.

#25 FundiWaUyole
...linachota. Mstari mmoja tu 😔

#26 KidoleJuu
Mstari mmoja! Samaki mmoja akioza...

#27 BwanaSeva
Utoe huo mstari. Andika mwenyewe hesabu ya umri wa deni, haizidi mistari 30. Nitakusaidia PM.

#28 NairobiStack
Wadau, niko na swali la pembeni lakini linahusiana. Huku kwetu Kenya shida si mkaguzi, ni eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka yetu ya kodi. Community ina moduli ya vile vifaa vya risiti vya Tremol, lakini ile ya kuongea na KRA moja kwa moja kwa njia ya mtandao inayoitwa OSCU iko upande wa Enterprise. Kwa hiyo mteja anaambiwa programu ni ya bure, halafu ankara zake haziwezi kufika KRA kwa njia hiyo mpaka alipe. Mimi niliona bure hiyo ni kama kupewa gari bila usukani.

#29 Pwani_Dev
@NairobiStack lakini maelezo ya kiufundi ya KRA yametolewa, unaweza kujiandikia moduli. Wenye Odoo hawajakukataza. LGPL inakuruhusu kabisa.

#30 NairobiStack
Kuandika si kazi. Kazi ni kuthibitishwa na KRA kama muunganishaji wa watu wengine. Nimeandika, naisubiri foleni.

#31 Mzigo_wa_Kariakoo
Na hapa kwetu EFD je? Hiyo Odoo inatoa risiti ya TRA yenyewe?

#32 FundiWaUyole
Kwa mteja wangu hapana mzee. Keshia anapiga kwenye Odoo halafu anapiga tena kwenye mashine ya EFD. Mara mbili. Ndiyo maana foleni pale dukani haiishi.

#33 Mzigo_wa_Kariakoo
Afadhali daftari na kalamu.

#34 DukaLaPili
Mimi naona mnamtesa kijana. Si kuna Odoo ya bure kabisa kule mtandaoni kwao? Unachagua app moja, unaongeza watumiaji hata mia, wanakuwekea kwenye seva zao, hulipi senti. Mkaguzi akija unamuonesha akaunti iko kwa wenyewe. Mwisho wa maneno.

#35 BwanaSeva
App moja, ndugu. Mauzo, stoo na kaunta si moja. Ukishaongeza ya pili unapewa siku 15 za majaribio, kisha unalipia kwa kila mtumiaji wa ndani. Na kule huwezi kupachika moduli yako uliyoandika mwenyewe, daftari la madeni ungelisahau. Hata kuunganisha na mfumo mwingine kwa API kunataka mpango wa juu, ule wa Custom.

#36 DukaLaPili
Siku 15 nazijua vizuri sana 😂 Nilikuwa na app ya ankara tu, mke wangu akaona kitufe cha "CRM", app nyingine kabisa, akakibonyeza akidhani ni urembo. Tangazo la njano likaja juu ya skrini. Kosa letu wenyewe, imeandikwa pale pale. Niliiondoa kabla hazijaisha.

#37 Chembe
Naomba niulize bila kutajwa. Kuna mtu alinipa folda ya enterprise kutoka Telegram. Nimeiweka kwa wateja wawili, inafanya kazi vizuri, ripoti zote zipo, hata mishahara. Msimbo uko wazi, nausoma kama kitabu. Kama upo wazi si maana yake ni huru?

#38 KidoleJuu
"Naomba niulize bila kutajwa" halafu anaandika kwa akaunti yake ya miaka sita.

#39 SheriaMtoro
Chembe mdogo wangu, nyumba ya jirani haina pazia, unaona sebule yote, je ni yako? Python haifichi msimbo, basi. Enterprise ina leseni yake, ndiyo hiyo OEEL-1 aliyoitaja Bwana hapo #18. Inasema unaitumia tu ukiwa na usajili hai, kwa idadi ya watumiaji uliolipia, na hairuhusu kusambaza nakala. Aliyekupa hakuwa na haki ya kukupa, na wewe ukawapa wawili wengine. Sasa mko wanne kwenye mtumbwi mmoja.

#40 Chembe
Lakini watajuaje? Wako Ubelgiji.

#41 BwanaSeva
Washa hali ya msanidi, nenda kwenye kazi za ratiba, tafuta inayoitwa "Publisher: Update Notification". Kila wiki inapeleka salamu kwa wenyewe: namba ya utambulisho wa hifadhidata yako, idadi ya watumiaji, na app zilizofungwa. Ipo hata kwenye Community. Kwa hiyo swali la "watajuaje", wewe mwenyewe ndiye unawaambia kila wiki.

#42 Chembe
Naizima sasa hivi.

#43 SheriaMtoro
Kuzima taa hakufanyi kitu ulichobeba kiwe chako.

#44 Mzigo_wa_Kariakoo
Kwa hiyo na ya Fundi inapeleka salamu Ubelgiji? Siri za biashara ya watu?

#45 BwanaSeva
Haipeleki mauzo wala majina ya wateja wako mzee. Inahesabu watumiaji, kutaja app, na kubeba maelezo machache ya mfumo na kampuni yenyewe.

#46 MamaHesabu
Hata hivyo ningemshauri Fundi amwambie bosi. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mafundi 40 wanaoingia pale wana majina na namba za simu. Najua salamu hiyo haina majina yao, lakini mkaguzi akiuliza "mfumo huu unatuma nini nje?" jibu liwepo kwenye karatasi.

#47 Mchele_Kyela
Mimi nina la kwangu. Nilinunua moduli ya kaunta kwenye duka la Odoo, inaonesha deni la mteja kabla keshia hajamalizia. Nililipa kwa kadi yangu. Nimeiweka kwa wateja sita. Ni ya OPL-1. Nimevunja nini?

#48 KoroshoDev
Hujavunja. Umeinunua wewe, wewe ndiye fundi, unaitumia kazini. Fundi seremala akinunua msumeno mmoja halazimiki kununua mwingine kila anapoingia nyumba mpya.

#49 SheriaMtoro
Seremala haachi msumeno kwa mteja. OPL-1 inasema anayeitumia awe ameinunua, na hairuhusu kusambaza wala kuuza nakala. Wateja sita wana nakala sita na malipo ni moja.

#50 Mchele_Kyela
Seva zote sita ni zangu. Nimekodi mimi, wao wanaingia kwa kivinjari tu. Nakala ziko kwangu.

#51 SheriaMtoro
Hapo umenikamata. Kama nakala hazijatoka mikononi mwako, neno "kusambaza" linakuwa gumu. Lakini anayeitumia ni nani, wewe au wao?

#52 Pwani_Dev
Nimewahi kumwandikia mtengenezaji wa moduli kumuuliza jambo hili hili. Akajibu nilipie kwa kila hifadhidata. Nikamwandikia wa pili, akasema kwa kila kampuni. Wa tatu akasema niitumie nipendavyo, nisiiuze tu. Leseni moja, majibu matatu. Muulize aliyekuuzia na uweke jibu lake.

#53 KoroshoDev
Majibu ya barua pepe hayabadilishi leseni.

#54 Pwani_Dev
Mwenye mali akikwambia kwa maandishi "chukua", nani mwingine atakushtaki?

#55 Jiwe_la_Makambako
Mimi ni wa kusoma tu, ila nina swali dogo. Nimebadilisha nembo, nimetoa yale maandishi ya chini ya tovuti yanayotaja Odoo, nauza kwa jina langu. Inaruhusiwa?

#56 BwanaSeva
Kutoa maandishi ya chini kwenye Community naona ni sawa, ni kiolezo tu, LGPL inakuruhusu kurekebisha.

#57 SheriaMtoro
Naona si sawa moja kwa moja. Hakimiliki ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine. Kutoa jina lao ni hoja moja, kumfanya mteja aamini umeitengeneza wewe kuanzia mwanzo ni hoja nyingine, hata kama leseni ya msimbo haisemi lolote juu ya hilo.

#58 MamaHesabu
Na kwenye ankara umeandika "ada ya leseni"?

#59 Jiwe_la_Makambako
Nimeandika hivyo hivyo Mama.

#60 MamaHesabu
Badilisha iwe "ada ya huduma". Umemuuzia mtu leseni ambayo angeipata bila wewe, siku akijua atakuja na maswali kama ya yule bosi wa Mbeya, tena bila kupiga simu kwanza.

#61 NairobiStack
Hakuna aliyegusa mwisho wa toleo. Kila toleo wanalihudumia miaka mitatu, na kila mwaka linatoka jipya. Aliye kwenye Enterprise, kupandisha toleo kumo ndani ya malipo yake. Sisi wa bure tunategemea OpenUpgrade, zana ya OCA ya kupandishia toleo, na si kila moduli huwa tayari kwa wakati. Fundi, 17 ilitoka mwishoni mwa 2023. Piga hesabu. Mkaguzi makini atauliza na hilo.

#62 FundiWaUyole
Jamani mkaguzi wangu asiingie humu 🙏

Mrejesho. Leo asubuhi nimeenda na faili la LICENSE limechapishwa, mkataba mpya tumeandikiana kurasa nne, na risiti zote. Nimetoa ule mstari mmoja (asante BwanaSeva), daftari sasa halitegemei ya AGPL. Ile ripoti niliyoichezea nimeweka kiungo cha kupakua msimbo, Mama keshia kaniuliza ni cha nini, nimemwambia ni cha sheria.

Mkaguzi kasoma LICENSE ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa Kiingereza, kimya. Kisha kaniuliza, "Hii imesainiwa na nani? Muhuri uko wapi?"

#63 KidoleJuu
😂😂😂😂 MUHURI

#64 Mzigo_wa_Kariakoo
Yuko sahihi. Karatasi bila muhuri ni ya kufungia maandazi.

#65 SheriaMtoro
Leseni za aina hii hazisainiwi. Ni tamko la mwenye hakimiliki kwa kila mtu, ukikubali masharti unaitumia. Ungemweleza hivyo.

#66 FundiWaUyole
Nimemweleza. Kasema "kila mtu" hayupo kwenye daftari lake la wauzaji.

#67 MamaHesabu
Usibishane naye juu ya muhuri, utachelewa. Andika barua yako mwenyewe kwa kampuni: mimi fulani nimefunga programu hii, toleo hili, tarehe hii, iko chini ya leseni hii iliyoambatishwa, na moduli za ziada ni hizi na leseni zake ni hizi. Saini, gonga muhuri wa biashara yako. Huigongi leseni, unagonga maelezo yako. Faili litakuwa na karatasi yenye muhuri, hoja itafungwa.

#68 KoroshoDev
Kwa hiyo muhuri wa Uyole ndio unaothibitisha leseni iliyoandikwa Marekani kwa programu ya Ubelgiji. Nimeipenda nchi hii.

#69 Pwani_Dev
Nami ningeongeza orodha ya moduli zote kwenye jedwali moja, na ule mstari wa `license` wa kila moja. Anayependa muhuri hupenda na jedwali.

#70 Chembe
Na mtu ambaye jedwali lake lina OEEL-1 aandikeje hiyo barua? Namuulizia rafiki.

#71 BwanaSeva
Rafiki aiondoe folda, aweke ripoti za OCA, ajaribu kwanza kwenye nakala ya hifadhidata. Mishahara itamsumbua, ajipange. Au awaambie wateja wake ukweli, walipie. Njia ya tatu sina.

#72 FundiWaUyole
Barua nimepeleka saa nane mchana, ina muhuri wa bluu na jedwali la moduli 23. Kaipokea, kaandika "imeonwa". Halafu kageukia kompyuta za kaunta akauliza, "Na hizi Windows je?"

Zote sita alifunga kijana mmoja wa stendi kwa elfu kumi kila moja. Nakuja kufungua uzi mwingine.

#73 KidoleJuu
Fungua, mimi nishakaa na karanga.